Mafunzo ya akili unde kwa walimu wa Lamu: siku mbili, tuanzie wapi?

Mwl_Mkomani

Salaam walimu.

Tumepewa siku mbili za likizo ya Agosti kuwafunza walimu 26 wa msingi na JSS (gredi ya 7 hadi 9) namna ya kutumia akili unde katika kazi ya darasani. Wengi ni wa kisiwani hapa (Langoni, Shela, Matondoni), wachache watavuka kutoka Faza na Kizingitini, na wengine watatoka Mokowe na Hindi. Masomo yao yamechanganyika: Kiswahili, Sayansi, Hisabati, Masomo ya Jamii, Dini. Wote wana simu, ila nyingi ni za RAM ya GB 2 au 3 na zimejaa video za WhatsApp. Tuna projekta moja, laptopu nne, na intaneti ya ofisi ambayo ikizidiwa hulala kabisa.

Rasimu ya ratiba niliyoletewa inaanza na saa tatu za "historia na aina za akili unde", inafuata "maadili", halafu alasiri ya siku ya pili ndipo walimu waguse simu. Sioni kama itafaa. Nauliza: tuanze na nini? Programu moja au nyingi? Wale ambao shule zao hazina mtandao waondoke na kitu gani mkononi? Na mwanafunzi aruhusiwe kuigusa au asiruhusiwe?

---

MkufunziMalindi

Mwalimu, rasimu hiyo ipindue. Anza kwa kumwacha kila mmoja aiulize mashine mambo anayoyajua vizuri yeye mwenyewe, aikamate inapopotoka. Akishaliona kosa kwa macho yake atataka kujua limetoka wapi, na hapo maelezo ya namna mfumo unavyofanya kazi yatamwingia kwa dakika ishirini, hayahitaji saa tatu.

Andaa karatasi ya maswali matano au sita ambayo majibu yake unayo kwa yakini. Kwa huku pwani haya hayashindwi kutoa kitu:

Iambie ipange ratiba ya shule kwa Kiswahili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Mara nyingi itaandika "saa 8 asubuhi", yaani imechukua hesabu ya saa ya Kizungu ikaibandika maneno yetu, au itachanganya hesabu zote mbili katika ukurasa mmoja. Mwalimu anayenakili bila kusoma atawaita wazazi kikaoni saa nane mchana badala ya saa mbili asubuhi.

Iulize kusi na kaskazi huvuma miezi gani na hutoka upande gani. Kaskazi ni takriban Desemba hadi Machi na hutoka kaskazini mashariki. Kusi hushika karibu Mei hadi Septemba. Mashine huenda ikageuza mwelekeo, ikasema kaskazi ni upepo unaokwenda kaskazini. Iulize pia bamvua hutokea mwezi ukiwa na hali gani. Jibu sahihi ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu ni katikati yake. Walimu wa Faza watalisahihisha hilo bila kufungua kitabu.

Halafu iulize, ikiwa imezimiwa uwezo wa kutafuta mtandaoni, kama Gedi imo katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO. Gedi iliingizwa mwaka 2024, na Mji wa Kale wa Lamu ulitangulia mwaka 2001. Mfumo ambao maandishi uliyofundishwa yaliishia kabla ya hapo utasema Gedi haimo, tena kwa kujiamini.

Hapa walimu waonyeshwe kwamba makosa hayo hayafanani. Hilo la Gedi ni ujuzi uliopitwa na wakati, na dawa yake ni kuipa mashine maandishi mapya au kuiruhusu itafute mtandaoni. La kaskazi ni la kubuni. Mfumo hauna ghala la ukweli unakochungulia. Hukisia kipande cha neno kinachofuata kwa kufuata ruwaza za maandishi uliyolishwa. Maandishi ya Kiingereza ni mengi mno kuliko ya Kiswahili, na yanayogusa maji ya Lamu ni kidogo zaidi, kwa hiyo inajaza pengo na kinachoelekea kufanana na jibu.

Kuhusu programu, chukua moja tu. Ukileta tatu, nusu ya siku itaishia kwenye kuingia na kutoka. Kwa simu za Android, Gemini (akili unde ya Google) kupitia kivinjari ni rahisi kwa kuwa mwalimu tayari ana akaunti ya Google humo humo. Usiwaambie wapakue programu, simu iliyojaa itakataa na utajikuta unafuta picha za harusi za watu.

Baada ya hapo, kazi yote iliyobaki ya siku ya kwanza iwe andalio la somo. Kosa ninaloliona zaidi kwenye mafunzo ya namna hii ni mwalimu kuandika "nipe lesson plan ya mixtures Grade 7" na kupokea somo la shule ya Ulaya: kichomeo cha Bunsen, mashine ya kuchuja, wanafunzi ishirini. Mashine haijui darasa lako mpaka uieleze. Chukua dizaini ya KICD (mwongozo wa mtaala kutoka taasisi ya mitaala ya Kenya) ya gredi hiyo, nakili mada ndogo moja tu, kisha andika agizo la namna hii:

> Hapa chini ni mada ndogo kutoka dizaini ya KICD, Gredi ya 7, Sayansi. Niandalie somo la dakika 40 kwa wanafunzi 54 wanaokaa watano watano. Vifaa vilivyopo: ubao, chaki, maji ya bahari, sahani za bati, kitambaa cheupe, mchanga. Hakuna umeme darasani. Gawa muda: utangulizi dakika 5, kazi ya makundi 20, uwasilishaji 10, tathmini 5. Usiongeze matokeo ya kujifunza ambayo hayamo kwenye maandishi yangu. Usitaje kitabu, ukurasa wala tovuti. Jambo usilo na hakika nalo liandikie neno KAGUA.

Nimeliweka kwa Kiswahili ili lisomeke hapa. Mwalimu wa Sayansi au Hisabati aliandike kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya somo lenyewe na mashine hukosea mara chache zaidi kwayo.

Tahadhari tatu. Kwanza, dizaini za KICD ni majedwali. Ukinakili kutoka PDF kwenye simu, safu huchanganyikana: swali dadisi linaangukia katikati ya matokeo ya kujifunza. Nakili kisanduku kimoja kimoja, ukiandika kichwa chake juu. Pili, neno KAGUA usiliamini peke yake. Mashine hulibandika kwenye jambo lililo sawa na kuliacha lililo kombo, ila linamfanya mwalimu asome kwa kusitasita, na hiyo ndiyo faida yake. Tatu, katika somo hilo hilo la kutenganisha chumvi, soma hatua za usalama. Maji ya bahari kwenye sahani ya bati yakiachwa juani yatakauka chumvi ibaki, kama wafanyavyo watu wa Gongoni kwenye mabwawa yao. Hilo halimalizi ndani ya dakika 40, na mashine mara nyingi haioni kwamba muda hautoshi. Mwalimu aitegeshe sahani ya kwanza siku moja kabla.

Walimu wa Hisabati uwape kazi yao: iombe mashine maswali kumi ya sehemu na asilimia pamoja na majibu, kisha wayakokotoe yote kwa mkono kabla ya kuangalia. Swali huwa zuri na jibu likawa bovu. Mwongozo wa kusahihisha usitoke kwenye mashine bila kupita kwenye kalamu.

---

Fundi_Mokowe

Mimi nizungumzie nyaya tu, ya ualimu nawaachia wenyewe.

Simu nyingi zikigawa intaneti hukubali vifaa 8 hadi 10 kwa pamoja. Walimu 26 kwenye simu moja haiwezekani. Wagawe makundi manne, kila laptopu kundi moja, na simu mbili tatu za kundi ziunganishwe zamu kwa zamu. Mazungumzo ya maandishi hayali data nyingi. Kinachokula ni kufungua ukurasa mara ya kwanza, kutuma picha na kutazama video. Zima masasisho ya Windows kwenye laptopu zote nne usiku wa kuamkia mafunzo (kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna alama ya "mtandao wa kupimwa", iwashe), na simu zote ziondolewe kunakili picha kwenda Google Photos. Hayo mawili hulala na bando lote kabla ya saa nne asubuhi.

Akaunti zijaribiwe wiki moja kabla, kila mtu kwake. Watu ishirini wakiingia kwa mpigo kupitia mtandao mmoja, mtoa huduma hushuku ni roboti na kuanza kudai uthibitisho, msimbo unakwenda kwenye laini ya zamani au barua pepe ambayo nywila yake hakuna anayeikumbuka. Mwambie kila mwalimu atume picha ya skrini inayoonyesha ameingia. Asiyetuma mpigie.

Projekta ya taa hula wati 200 hadi 300. Kama ukumbi unategemea sola, bora uazime televisheni ya LED ya inchi 32, haifiki wati 60 na huonekana hata madirisha yakiwa wazi. Na kwa wa Faza, uliza manahodha maji ya Mkanda (mlango wa bahari wanaopitia, usiopitika maji yakitoka) siku hiyo yanajaa saa ngapi kabla hujaandika saa ya kuanza.

---

BintiShela

Walimu wa Kiswahili msiwachanganye na wengine kwenye kipindi cha pili, watengee meza yao. Makosa wanayokutana nayo ni mengine kabisa.

Ushairi ndio mtihani mzuri kuliko yote. Iagize mashine itunge ubeti wa tarbia (mishororo minne), mizani yaani silabi kumi na sita kila mshororo, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (cha pili), vina vya kati na vya mwisho. Utaletewa mstari wa aina hii: "Elimu ni kama bahari, isiyokuwa na mwisho." Unasomeka vizuri, lakini hesabu: e-li-mu-ni-ka-ma-ba-ha-ri, hizo ni tisa. Utao ni nane. Mshororo umekuwa na mizani kumi na saba. Sababu ni kwamba mashine haioni silabi. Maneno huikatia vipande visivyofuata silabi, na neno refu la Kiswahili kama "watakapowasomesha" hukatwa vipande vingi kuliko neno la Kiingereza la maana hiyo hiyo. Ukiuliza "je, mizani imetimia?" itakujibu imetimia.

Msiutupe ubeti huo. Wapeni wanafunzi kwenye karatasi waurekebishe: wahesabu, wataje mshororo uliovunjika, wautengeneze. "Elimu kama bahari" imetimia nane, waone wenyewe kwamba kuondoa "ni" kumetosha. Zoezi hilo ni bora kuliko ubeti sahihi ambao mashine ingeutoa.

Mengine ya kuwafundisha kuyawinda: upatanisho wa ngeli sentensi inapokuwa ndefu (kiti kinaanza vizuri, kufika mwisho kimekuwa "ambayo"), methali za kubuni zenye sauti ya methali, na dondoo za riwaya au tamthilia teule ambazo hazimo kitabuni. Hili la mwisho ni hatari kwa sababu mwalimu husema "ukurasa fulani" mbele ya darasa. Sheria iwe moja: dondoo haitoki kwenye mashine, inatoka kwenye kitabu, na mashine inaruhusiwa tu kutunga maswali juu ya dondoo uliyoiandika wewe. Lahaja pia muisahau. Ukiiomba Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, itakupa Kiswahili sanifu kilichopakwa chumvi ya pwani, "mato" na "nti" zimetupwa ovyo ovyo.

---

Mwl_Mkomani

Ahsanteni. Ratiba nimeshaanza kuibadilisha, na ile karatasi ya maswali nitaipeleka kwa wazee wawili wa jahazi waikague kwanza.

Bado sijapata la wanafunzi. Walimu wa JSS wanalalamika kwamba insha za nyumbani zinarudi zimenyooka kuliko uwezo wa mtoto. Mmoja amependekeza tununue ile programu ya kutambua maandishi ya mashine. Na kuna wanaotaka kupiga picha daftari ili mashine isahihishe. Mnasemaje?

---

MkufunziMalindi

Programu ya kutambua msinunue. OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa yao mwanzoni mwa 2023, na kwa takwimu zao wenyewe ilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, huku ikiwashutumu binadamu kimakosa mara 9 katika kila 100. Julai mwaka huo huo wakaiondoa kwa kukosa usahihi. Watafiti wa Stanford nao walijaribu vitambuzi saba kwa insha za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza: kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidhaniwa kuwa za mashine. Vitambuzi hivyo hupima maneno yanavyotabirika, na anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno machache yanayotabirika. Watoto wetu wote wanaandika Kiingereza cha kujifunza. Mtamwadhibu aliyeandika mwenyewe.

Kinachofaa ni kubadilisha kazi. Rasimu ya kwanza iandikwe darasani kwa mkono, dakika 25, ibaki kwa mwalimu. Nakala safi ya nyumbani ilinganishwe nayo, alama zitolewe kwa kile kilichobadilika na sababu yake. Mwanafunzi aulizwe maswali mawili juu ya insha yake akiwa amesimama. Kwa darasa la watu 54 huwezi kuwauliza wote, wachague kumi kila wiki bila kuwatangaza mapema.

Kupiga picha daftari: jina la mtoto, shule, alama na mwandiko wake ni data binafsi. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi na manufaa ya mtoto kabla ya data yake kushughulikiwa. Google yenyewe huwaonya watumiaji wa Gemini wasiweke habari za siri, kwa kuwa baadhi ya mazungumzo husomwa na wakaguzi wa kibinadamu. Kwa hiyo hakuna majina, hakuna picha za nyuso, hakuna habari za ugonjwa wala za nyumbani. Mwalimu akitaka msaada wa kusahihisha, achape upya aya moja yenye kosa analoliona kwa wengi, aombe zoezi la kulirekebisha. Hilo linamsaidia kuliko alama.

Pia aombe vigezo vya kutathmini kwa ngazi zetu nne, kuzidisha, kufikia, kukaribia na kuwa mbali na matarajio. Asipozitaja, ataletewa A hadi F. Na kila ngazi iseme kitu kinachohesabika. "Ametumia viunganishi vizuri" haina maana. "Ametumia viunganishi vinne au zaidi kwa usahihi" inapimika.

Wanafunzi kugusa: mwongozo wa UNESCO wa 2023 unapendekeza miaka 13 kuwa umri wa chini wa mtoto kuzungumza na mifumo hii peke yake, na masharti ya ChatGPT yanataka 13 na ruhusa ya mzazi hadi 18. Gredi ya 7 wengi wana 12. Mwalimu aishike mwenyewe, jibu alionyeshe kwenye skrini au aliandike ubaoni, darasa zima lilichambue.

---

BintiShela

Naafiki isipokuwa hapo kwenye skrini. Msionyeshe mashine ikijibu moja kwa moja mbele ya watoto. Haijulikani italeta nini, na mtandao ukikatika somo limekwisha. Jibu litolewe jana yake, lisomwe, liandikwe kwenye karatasi kubwa ya manila. Darasani kinachohitajika ni maandishi ya kuchambuliwa tu.

---

MkufunziMalindi

Hilo nalikubali kwa msingi na JSS.

---

Fundi_Mokowe

Kwa wasio na mtandao, Bi Shela ameshajibu nusu ya swali. Kabla hawajaondoka siku ya pili, kila mmoja awe ameandaa maandalio sita ya muhula wa tatu, yamekaguliwa na mwenzake wa somo hilo hilo na kuchapishwa. Karatasi haihitaji chaji. Weka rimu mbili na wino wa akiba kwenye bajeti, hicho ndicho watu husahau.

Kuna wanaouliza kama akili unde inaweza kukaa ndani ya laptopu bila intaneti. Inaweza. Laptopu ya RAM ya GB 8 huendesha mfumo mdogo wa vigezo (namba za ndani za mfumo) bilioni 4 uliobanwa, kwa mfano Gemma ya Google kupitia programu ya Ollama, faili lake ni kama GB 3 hivi. Pakua ukiwa mjini. Bila kadi ya michoro itaandika polepole, maneno machache kwa sekunde, na feni itapiga kelele. Kiingereza chake kinatosha kutunga maswali ya ufahamu. Kiswahili cha mifumo midogo ni kibovu, kuliko hata alichoeleza Bi Shela, kwa hiyo walimu wa Kiswahili wasiitegemee. Kwa shule nyingi ningeanza na Kolibri, programu ambayo inaweka masomo na mazoezi yaliyokwisha kukaguliwa kwenye laptopu moja na kuyagawa kwa simu za darasani bila data.

Ukibeba mafaili kwa flashi, iangalie imepangwa kwa mfumo gani. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, itakwambia faili ni kubwa mno hata kama flashi ni tupu. Ipange upya kwa exFAT kabla ya kunakili, na ukumbuke kuipanga upya kunafuta kila kilichomo. Laptopu za visiwani zifunikwe usiku, na tundu za USB zikaguliwe kutu. Chumvi ya hewa huanza huko, na flashi "iliyokufa" mara nyingi ni tundu tu linalohitaji kusafishwa kwa spiriti na pamba.

---

Mwl_Mkomani

Nimeandika: rimu mbili, wino, televisheni ya kuazima, picha ya skrini kwa kila mwalimu wiki moja kabla. Manahodha wanasema siku ya kwanza maji ya Mkanda yanajaa saa tatu na robo asubuhi, kwa hiyo tunaanza saa tano.